Shule Mpya Ianze na Mteremko

Toleo hili linahusu shule mpya katika mitaa ya zamani ya Bukavu, na msimamo wetu ni kwamba mchoraji asianze na sura ya jengo. Aanze na mteremko litakaposimama. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka hapa kwa kipimo cha 5.9, ilikuwa Jumapili asubuhi. Tarehe 7 Agosti 2015 ikatetemeka tena, 5.8, saa tisa usiku, watoto wakiwa likizo. Mara zote mbili madarasa yalikuwa matupu. Hatuwezi kujenga kwa kutumaini kwamba mara ya tatu nayo itatukuta hivyo.

Wapo wanaotaka shule ya mtaa wa Ibanda ifanane na majirani zake wa enzi za ukoloni, Bukavu ilipoitwa Costermansville, zile kona za mviringo na kuta nyeupe. Lakini kuiga lipu ni kuiga ngozi tu. La kurithi ni namna nyumba nyingi za wakati ule zilivyokaa kwenye kilima: msingi wa mawe, kimo cha chini, baraza, na mfereji wa kupokea maji ya paa. Wengine wanauliza kwa nini tuuenzi mji wa wazungu, hali Kadutu ndiyo iliyotengewa Waafrika. Swali hilo ni zito, na linatudai tuseme wazi kwamba Kadutu nayo ni mtaa wa kihistoria. Tena kule Funu, ndani ya Kadutu, ardhi yenyewe inateleza polepole. Msingi bora unahitajika huko kuliko popote.

Hoja inayotusumbua zaidi ni ya nafasi. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilipofanywa bure, madarasa yamefurika, na viwanja hakuna. Basi ghorofa ziwepo, lakini mbili zinatosha, kuta zifungwe kwa mkanda wa zege juu ya matofali, na ngazi zisipungue mbili. Chini ya mabati iwekwe dari: mvua za hapa hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, karibu mwaka mzima wa masomo, na zikipiga bati tupu mwalimu hunyamaza.

Wazazi wa kamati, kabla ya kukubali mchoro wowote, mwulizeni mjenzi mambo mawili: mkanda wa zege uko wapi, na maji ya paa hili yatamwagikia nyumba ya nani?