Kichupa cha Wino Safarini
Mwanafunzi atokaye Lamu kunakili miswada ya tenzi aghalabu hana nakala ya pili ya daftari lake. Wino ukivuja mkobani, jasho la wiki nzima limekwenda bure. Kwa maoni yangu, sisi tungali twapenda kalamu ya wino tuchague kichupa kwa kifuniko chake, si kwa umbo: kiwe kidogo, cha plastiki ngumu, chenye kifuniko cha kusokota na mpira ndani. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Tupandapo kutoka pwani, hewa iliyofungwa kichupani hutanuka, ikausukuma wino penye upenyo. Basi tukijaribu kwa maji kwanza, tukilaze juu ya karatasi usiku kucha. Tahadhari kabla ya athari.