Mazungumzo ya Nyumbani: Urithi wa Damu

Katika nchi yetu ya Mara, toka Mbalibali hata ziwani, wako watoto waumwao na mifupa mara kwa mara, wenye macho ya manjano na damu pungufu. Watu husema, "Mama yake ana laana," naye hufukuzwa. Hata wanafunzi walimwuliza Bwana habari za yule kipofu, ni dhambi ya nani, Naye aliwakatalia.

Ugonjwa huu ni selimundu: chembe za damu hupindika kama mundu. Kila mtoto hupokea urithi wa damu sehemu mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Aliye na sehemu moja mbovu haugui, bali huibeba. Nayo humkinga na malaria kali, kama Daktari Allison, aliyekulia Kenya, alivyoonyesha mwaka 1954. Mwenye sehemu mbovu mbili ndiye auguaye. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina mafungu manne: moja la ugonjwa, mawili ya kubeba, moja la usalama.

Basi, enyi waume, msiwashtaki wake zenu. Nusu ilitoka kwenu. Vijana, pimeni damu kabla ya ndoa. Na mtoto mgonjwa anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, na akipata homa apelekwe hospitali upesi.