Mfupa Uliotupwa Humwita Fisi

Shule zifungwapo, wapo wazazi wa Malampaka wanaojinyima ili watoto waione Serengeti. Njia yao hupita Bariadi hadi Lamadi, na mbele kidogo lipo lango la Ndabaka. Njiani watoto huonywa juu ya simba. Aghalabu fisi hatajwi, kwa kuwa sisi wa Usukuma tumemzoea. Usiku twamsikia, twamwita mbiti, na katika hadithi twamcheka kwa ulafi na woga wake. Mazoea hayo ndiyo hatari yenyewe.

Fisi wa hadithi hula mizoga tu. Lakini mtaalamu Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, alidhihirisha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao huwinda wenyewe. Jike, aliye mkubwa kuliko dume, huweza kuzidi kilo 50. Mtu mzima aliyesimama wima kwa kawaida humwogopa. Mtoto mdogo, au mtu aliyelala, hamwogopi. Huko Mlanje, Malawi, kuanzia mwaka 1955, fisi waliwaua watu kadhaa, wengi wao wakiwa wamelala nje kwa ajili ya joto.

Kambi nyingi za mbugani hazina uzio. Jioni, baada ya chakula, macho mawili yang'aa gizani. Baba, apate kuwafurahisha watoto, atupa mfupa. Watoto wanacheka, na kesho wanaondoka salama. Fisi naye amejifunza kwamba penye watu pana chakula. Usiku mwingine hatangoja kutupiwa, na atakayelipia mfupa ule ni mtoto wa mtu mwingine.

Kwa hiyo, msimpe fisi chochote. Chakula na takataka zifungiwe garini, zisiwekwe hemani. Hema lifungwe barabara, wala mtu asilale nje. Mtoto asiende msalani usiku peke yake. Mkubwa amsindikize kwa kurunzi. Mkikutana na fisi, msikimbie wala msimpe mgongo. Mbebe mtoto, simama wima, piga kelele, kisha rudi nyuma polepole huku ukimtazama.

Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, ni nadra mno mtu kupona.

Wazazi wenzangu, mafunzo haya yasiishie langoni Ndabaka. Mifupa tunayoirundika nyuma ya jiko na mizoga tunayoiacha pembeni mwa kijiji ni mialiko ile ile. Na fisi akionekana karibu na nyumba, wapo watakaonong'ona kwamba ametumwa na bibi kizee fulani. Mnong'ono huo haujamwokoa mtoto hata mmoja, bali umewaponza vikongwe wengi Usukumani. Fisi hatumwi na mtu. Hufuata harufu ya chakula. Apewe taarifa ofisa wanyamapori, mifupa ifukiwe, na watoto waingie ndani kabla ya giza.