Nakumatt ilipoanguka: Nani hulipwa kwanza?

Mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga au Holili na kuuacha dukani kwa mali kauli huwa na hofu moja, kwamba mwenye duka atakimbia. Yaliyoikuta Nakumatt ya Kenya yanaonyesha kuwa mwenye duka anaweza asikimbie, milango ikabaki wazi, na bado fedha zisionekane.

Nakumatt, iliyoanzia kwenye biashara ya magodoro mjini Nakuru, ilifikia maduka zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Hapa kwetu mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite. Mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu, wenye majengo wakidai kodi zao, na madeni yalifikia makumi ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Januari 2018 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaiweka chini ya msimamizi, Peter Kahi wa kampuni ya uhasibu ya PKF.

Hapo ndipo alipoingia mtu asiyefahamika sana mitaani, wakili wa ufilisi. Zamani kazi yake Kenya ilifanana na mazishi. Benki ikichoka kudai ilimteua mtu wake, akauza alichokikuta, biashara ikafa. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ilileta njia nyingine: kampuni inayoyumba hukabidhiwa msimamizi mwenye leseni, mara nyingi mhasibu, huku mawakili wa benki, wa wenye majengo na wa wasambazaji wakimzunguka. Tangu siku hiyo mdai haruhusiwi kushitaki wala kukamata mali bila ridhaa ya msimamizi au mahakama. Msambazaji wa maziwa huona amefungwa mikono. Wakili huuona kuwa ndio muda wa kumtafuta mnunuzi kabla kampuni haijagawanywa vipande.

Umahiri wa wakili huyu uko kwenye foleni. Benki yenye rehani ya mali mahsusi huitegemea rehani yake. Katika kinachobaki, hutangulia gharama za ufilisi wenyewe, yakiwamo malipo ya msimamizi na (nasema bila husuda) ya mawakili. Hufuata mishahara, kwa kiwango kilichowekwa, kisha kodi za serikali. Aliyeuza kwa mali kauli yuko nyuma, pamoja na yule aliyerudi na akiba yake kutoka nje akanunua hati za mkopo za kampuni zisizo na dhamana.

Lakini foleni hiyo ina mlango wa pembeni. Mzigo ulioagizwa na msimamizi baada ya kuteuliwa huhesabiwa kuwa gharama yake, kwa hiyo mwenye mzigo husogea mbele. Tena, kama mkataba ulisema bidhaa zitabaki mali ya muuzaji hadi zilipwe, msimamizi hawezi kuziuza atakavyo. Ndiyo maana swali la kwanza la wakili ni mkataba umeandikwaje, na wengi wetu hutoa karatasi ya kupokelea mzigo tu.

Januari 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura ivunjwe. Maduka sita yaliyosalia yalikwenda kwa Naivas kwa Sh422 milioni za Kenya. Hata kama deni lingekuwa Sh30 bilioni tu, hizo ni kama senti moja na nusu kwa kila shilingi, kabla foleni haijaanza kusogea.