Katiba Isomwe na Wenyewe

Wananchi wengi wanaposikia kwamba Katiba inarekebishwa hudhani kuwa hilo ni jambo la wabunge na wanasheria peke yao. Fikra hiyo haina budi iondolewe.

Nchi yetu ilipojitawala mwaka 1961, Katiba haikuwa na sura ya haki ambazo raia angeweza kuzidai mahakamani. Hata Katiba ya 1977 ilianza bila sura hiyo. Mwaka 1983 wananchi walijadili mabadiliko ya Katiba, na wengi wakadai haki hizo ziandikwe. Marekebisho ya Tano ya mwaka 1984 yakaziingiza, yakaweka pia kikomo cha vipindi viwili vya Rais. Hata hivyo, sheria ya mpito iliahirisha matumizi yake mahakamani kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988.

Je, haya yanamhusu nini mkulima? Mama mmoja wa Kagera alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza. Ndugu yake akamshitaki, na Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ya ubaguzi ilipingana na Katiba, na mama yule akashinda. Shauri lake lingeamuliwa miaka mitatu kabla, sura ile isingemfaa kitu.

Lakini marekebisho yanayotoa yanaweza pia kuzuia. Yale ya mwaka 1992 yalirudisha vyama vingi, lakini mgombea alitakiwa awe wa chama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliamua kwamba raia asiye na chama naye anayo haki ya kugombea. Muda mfupi baadaye Bunge likaibadili Katiba na kuufunga mlango huo.

Katika mambo hayo yote wananchi hawakuitwa kupiga kura. Ibara ya 98 inalipa Bunge uwezo wa kubadili Katiba kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kila upande. Basi, nafasi ya mwananchi ni kabla wabunge hawajapiga kura.

Tunawahimiza wananchi wanunue Katiba, waisome, na wale wajuao kusoma wawasomee wenzao. Muswada wa marekebisho ukitangazwa, kila mmoja amwulize Mbunge wake mambo matatu: maneno gani yanaondolewa, yapi yanaingizwa, na yataanza kutumika lini. Waliodai haki mwaka 1983 hawakungoja kuulizwa. Nasi tusingoje.