Nani anamwomba, na kwa kosa gani?

Kila mara mkubwa wa kikundi cha silaha anapokamatwa ng'ambo ya mpaka, tunasikia maneno mawili katika makanisa yetu ya mashariki. Wengine wanasema: apelekwe La Haye. Wengine wanasema: arudishwe hapa tumwone kwa macho. Wachache wanauliza sheria inasema nini juu ya kumtoa mtu mkononi mwa serikali moja na kumtia mkononi mwa ingine. Ni jambo la zamani. Hata kwetu, amri ya kwanza juu ya kazi hiyo ilitolewa tarehe 12 Aprili 1886, wakati nchi hii ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, na wanasheria wetu wangali wanaitaja.

Lakini kesi inayotufundisha zaidi ilitokea mbali, katika koloni la Waingereza la Hong Kong.

Mwaka wa 1870, merikebu ya Wafaransa, Nouvelle Pénélope, ilitoka Macao, mji uliotawaliwa na Wareno. Ilibeba Wachina karibu 300, makuli, kwenda Peru. Huko walingojewa na mashamba ya miwa na visiwa vya mbolea ya ndege, kazi iliyoua wengi. Karatasi zilisema wameandikishwa kwa hiari yao. Ukweli ni kwamba wengi katika biashara ile walidanganywa, au walikamatwa tu njiani na kufungiwa. Baharini wakaasi. Kapiteni aliuawa pamoja na watu wengine wa merikebu, na chombo kikarudishwa pwani ya China. Mmoja wao, Kwok-a-Sing, alifika Hong Kong, akakamatwa.

China ikamwomba. Mkataba wa Tientsin wa 1858 uliahidi kwamba Wachina wenye makosa waliokimbilia Hong Kong watarudishwa, na koloni lilikuwa na sheria yake ya mwaka 1850 ya kutimiza jambo hilo. Kwa watu wa ofisi ilikuwa kazi nyepesi: Mchina ameua, China inamtaka, mpeni. Jaji mkuu John Smale alikataa. Alisema mtu aliyefungwa katika merikebu ya utumwa ana haki ya kupigania uhuru wake, akamfungua. Wakamkamata tena, sasa kwa jina lingine: uharamia. Smale akamfungua mara ya pili.

Kesi ikapanda hadi Baraza la Malkia huko London, lililoamua mwaka wa 1873. Hapa tusome polepole, maana upande wowote haukupata yote. Baraza lilisema Kwok-a-Sing hawezi kupewa China, kwa kuwa haikuonyeshwa kwamba kumwua Mfaransa katika merikebu ya Wafaransa, nje ya nchi, ni kosa chini ya sheria ya China yenyewe. Lakini uharamia ni kosa juu ya mataifa yote, nao huhukumiwa popote mtuhumiwa anapopatikana. Basi kama kuna mashitaka hayo, yasikilizwe hapo hapo Hong Kong. Kumfungua mara ya pili lilikuwa kosa la jaji.

Sisi tunampenda Smale kwa moyo wake. Hata hivyo tunaona Baraza lilikuwa na hekima katika jambo moja: halikukubali jina baya litumike kama kamba ya kumvuta mtu popote. Neno "haramia" lilikuwa zito wakati ule kama neno "mwasi" au "gaidi" lilivyo kwetu leo. Ukishamwita mtu hivyo, hakuna anayeuliza tena alifungwa wapi kabla ya kuinua mkono.

(Na tusidhani habari ya makuli haituhusu. Mwaka wa 1892 mamia ya Wachina waliletwa toka Macao hadi Matadi kujenga reli. Wengi walikufa, wengine wakatoroka.)

Hong Kong yenyewe ilirudia swali hili mwaka wa 2019, serikali yake ilipotaka sheria ya kuwapeleka watuhumiwa China bara. Watu wengi sana walijaa barabarani, Wakristo kati yao wakiimba Haleluya mbele ya polisi. Muswada uliondolewa mwaka ule ule. Juni 2020 Beijing iliweka sheria ya usalama wa taifa, na humo kuna njia ya kesi fulani kuhukumiwa bara. Mlango uliofungwa mbele ulifunguliwa nyuma.

Kwetu, Thomas Lubanga alipelekwa La Haye Machi 2006, Germain Katanga mwaka uliofuata. Katanga alipewa miaka 12 juu ya mauaji ya Bogoro ya Februari 2003. Desemba 2015 alirudishwa Kinshasa kumaliza kifungo. Kilipoisha Januari 2016 hakutoka, akafunguliwa mashitaka mengine. Wahanga 297 waliandikiwa dola 250 kila mmoja, kama alama tu. Tunajua waumini wa Ituri waliosema alistahili kukaa ndani hata zaidi. Hatuwalaumu, walizika watu wao. Lakini serikali inayomshika mtu kwa kesi moja na kumbakiza kwa ingine lazima ionyeshe karatasi.

Paulo alilijua hilo. Festo alipomwuliza kama angekubali kwenda kuhukumiwa Yerusalemu, hakukataa hukumu, hata kifo kama amestahili. Alikataa kupewa watu kama zawadi, akamwomba Kaisari (Matendo 25:9-11). Na Torati inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbilia kwako (Kumbukumbu la Torati 23:15-16). Smale angeweza kusimama juu ya mstari huo.

Wazee wa kanisa wanatuuliza wafanye nini kijana anapokimbilia katika nyumba ya Mungu na watu wenye bunduki wakafika kumwomba. Hatuna nguvu ya kuwazuia, na kumficha mwuaji si kazi yetu. Lakini tunaweza kuuliza kwa sauti: ninyi ni nani, mnamtaka kwa kosa gani, hati iko wapi, mnampeleka mbele ya jaji gani? Tuandike majibu, tarehe na saa, mashahidi wawili watie sahihi, na kesho yake mchungaji aende kwa mwendesha mashitaka na daftari hilo mkononi.