Dawa ya wasiwasi si bugizi

Mwezi Mei 2024 Pwani nzima ilikuwa ikizungumza muguka. Magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku, wakulima wa Embu wakaja juu, na mahakama ikasimamisha marufuku hayo. Kila baraza lilikuwa na la kusema. Lakini kuna swali ambalo sikusikia likiulizwa: huyu anayetafuna hadi usiku wa manane, moyo ukimwenda mbio na usingizi umemkataa, hulala kwa nini? Wengi tunajua jibu. Hulala kwa tembe.

Si watafunaji peke yao. Wapo kina mama na wazee wetu ambao wasiwasi umewakalia. Kila siku wana hofu isiyo na sababu ya kutosha, miezi sita au zaidi, mwili umekaza na akili haipumziki. Hayo madaktari huyaita ugonjwa wa wasiwasi, na yana matibabu. Tatizo letu ni kwamba dawa iliyo rahisi kuipata mtaani ndiyo isiyofaa kutegemewa.

Naizungumzia diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Ni ya jamii ya benzodiazepini, na bugizi inayowaharibu vijana wetu ni ndugu yake wa tumbo moja. Humtuliza mtu haraka, na hapo ndipo penye mtego. Ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa mwili huizoea, ukataka zaidi. Ukiiacha ghafla wasiwasi hurudi kwa nguvu, na wengine hupatwa na kifafa. Kwa wazee huleta kizunguzungu na kuanguka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba benzodiazepini hazipendekezwi kutibu ugonjwa huu kwa watu wazima. Diazepamu ilibakishwa kwa dharura ya muda mfupi tu. Kisheria haifai kuuzwa bila karatasi ya daktari, lakini sote tunajua yanayofanyika katika baadhi ya maduka ya dawa.

Dawa zinazotangulizwa ni nyingine: fluoksetini, sertralini na essitalopramu. Zisipomfaa mgonjwa, zipo venlafaksini na duloksetini. Hizi hazifanyi kazi siku hiyo hiyo. Huchukua wiki mbili hadi sita, na siku za mwanzo zinaweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi, hata wasiwasi kuzidi kidogo. Wengi huziacha hapo, wakasema dawa ya hospitali haikuwafaa. Ukweli ni kwamba haikupewa muda. Akishapata nafuu, mgonjwa huendelea nazo kwa miezi kadhaa, kisha daktari humpunguzia polepole. Hazimfanyi mtu mraibu kama bugizi, ila kuziacha ghafla huleta usumbufu.

Kuna pia propranololi, ambayo watu huombana kabla ya mtihani au mahojiano ya kazi. Hiyo hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mikono, haitibu wasiwasi wenyewe, na kwa mwenye pumu ni hatari.

Kwa watoto tahadhari ni kubwa zaidi. Mtoto anayeumwa na tumbo kila asubuhi kabla ya shule au chuoni, na hospitali haioni kitu, huenda ni wasiwasi. Asipewe tembe ya mama wala ya nyanya yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha watoto 488 wa miaka 7 hadi 17. Waliopata sertralini pamoja na ushauri nasaha maalumu, 81 kwa kila 100 walipata nafuu. Ushauri peke yake ulileta 60, dawa peke yake 55, na tembe isiyo na dawa 24. Kwa hivyo mazungumzo hutangulia, na dawa huamuliwa na mtaalamu. Tangu mwaka 2004 Marekani imeagiza dawa hizi ziwe na onyo kwamba zinaweza kuzidisha fikira za kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana, kwa hivyo mzazi awe macho wiki za mwanzo.

Nitaulizwa: na kisomo je? Kisomo kiendelee. Dini yetu haijatukataza dawa, Mtume (s.a.w) mwenyewe alihimiza watu watafute matibabu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya hofu na huzuni kama maradhi ya nafsi yenye tiba. Kinachotuumiza ni kumzungusha mgonjwa kwa waganga mwaka mzima kabla ya kumfikisha kwa daktari. Na anayefunga Ramadhani asiache dawa kwa hilo: nyingi ya hizi humezwa mara moja kwa siku, daktari atampangia baada ya futari au wakati wa daku.

Sasa niwageukie viongozi. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 iliziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hii katika vituo vyao. Hata hivyo, bado wengi wanaijua Port Reitz kama mahali pekee pa "watu wa akili". Mgonjwa wa Faza au Garsen atasafiri siku nzima kufuata tembe moja? Akikosa, ataenda kwa muuzaji wa pembeni.

Kikao cha bajeti kikija wadi yako, nenda ukaulize mambo matatu. Je, zahanati yetu ina fluoksetini? Nani amefunzwa kuitoa na kumfuatilia mgonjwa? Na ni lini maduka yanayouza diazepamu kiholela yatakaguliwa? Muguka tuliupigia kelele barabarani. Haya nayo tuyapigie kelele mbele ya MCA, na jibu liandikwe.